Mwandishi wa Pili

Wengine hufumania chumbani. Mimi nilifumania kwenye kompyuta, saa tano asubuhi, mchana kweupe, wateja wamepanga foleni mlangoni na shangazi yangu anagombana na mashine ya kutoa nakala. Hapakuwa na khanga ya mwanamke mwingine wala harufu ya manukato. Palikuwa na ukurasa mmoja wa makala ya kitaaluma. Ukinicheka sitakulaumu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikiwa na hasira huwa naruka mistari.

Mimi ni mpiga chapa. Duka letu linatazamana na geti la nyuma la chuo, kushoto kinyozi, kulia fundi viatu. Lina kompyuta mbili, mashine ya nakala inayokwama kila ukiiwekea karatasi nyepesi, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa kamusi kuukuu. Mwenye duka ni Shangazi, dada yake baba, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Nukta. Nilipoanza kazi nilimrudishia mteja ripoti nzima kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana ukurasa wa tisini, Shangazi akacheka mpaka akakaa sakafuni. Jina likaganda. Siku hizi hata maprofesa wakifika mlangoni wanauliza, "Nukta yupo?"

Na nina mazoea yangu ya kazi. Andiko nikilimaliza nalisoma kinyumenyume, kwa sauti, sentensi ya mwisho kwanza, kwa sababu ukianzia mwanzo akili inajijazia yenyewe kilichokosekana. Halafu, mteja akiniletea faili lililoshikwa na watu kadhaa, siyakubali mabadiliko yote kwa mpigo. Kompyuta inaweka alama nyekundu kila palipofutwa na palipoongezwa, na ukisogeza mshale pale inakuambia ni nani aliyefanya, siku gani, saa ngapi. Mimi hupita alama moja moja. Shangazi anasema napoteza muda. Daktari naye alikuwa akisema hivyohivyo.

Daktari. Haya, tumfikie.

Si daktari wa sindano. Ni daktari wa vitabu, anafundisha hapo chuoni, mrefu, mpole wa sauti, ana tabia ya kuvua miwani akitaka kukuambia jambo la moyoni. Hiyo miwani ndiyo iliyoniponza. Miaka mitatu anakuja dukani, kwanza na mitihani ya wanafunzi, halafu na makala zake, halafu bila karatasi yoyote mkononi. Shangazi akimwona mikono mitupu alikuwa anamuuliza, "Leo tukuchapie nini, Daktari?" naye anacheka anaangalia viatu. Penzi ni kikohozi, halifichiki. Mtaa mzima ulijua.

Asubuhi hiyo aliingia mbiombio, shati limemshika mgongoni kwa jasho.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Chuo hakiwapi chakula?"

"Kazi, Shangazi." Akanigeukia. "Nukta wangu. Leo ni leo."

"Asemaye kesho ni mwongo," nikamalizia. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kijani aliyoisifia. Niliivaa makusudi.

"Jarida linafunga mlango saa kumi kamili jioni. Ikizidi dakika moja toleo limenipita, na kikao cha kupandisha vyeo ni mwezi ujao. Bila makala hii nitakaa palepale miaka mingine mitatu."

"Saa kumi mbali. Lete."

Aliniwekea flashi kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake, akakaa hivyo kidogo. "Mafaili ni mawili. Andiko lenyewe, na ukurasa wa kwanza peke yake. Mabadiliko wewe kubali tu yote kwa mpigo, usijichoshe kuyasoma. Nafundisha mpaka saa nane, nikitoka tunatuma pamoja."

"Na jina langu umeliandika vizuri? Usije ukanikosea herufi, nitakurudisha kama ripoti ya yule mteja."

Alivua miwani, nikatabasamu, nikajua sasa linakuja la moyoni. Akaifuta kwa ncha ya shati. "Kila kitu kiko sawa," akasema, akaivaa tena, akaondoka. Hakunitazama. Nililiona hilo, nikajifanya sikuliona. Mwanamke anayependa ana kipaji hicho.

Ili ujue uzito wa jina lile, sharti nikueleze makala ilihusu nini. Ilihusu wanawake wanaouguza jamaa zao nyumbani, waliopooza, wasioweza kujigeuza. Daktari alijaribu kwenda mwenyewe kuwahoji. Walimpa kiti kizuri na majibu ya heshima, akarudi na daftari tupu. Akaniomba niende mimi. Mimi mama yangu alipooza upande mmoja, nikamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili kwa miaka miwili, mpaka siku alipotutoka. Nikiingia kwa mwanamke kama huyo simuulizi swali. Namshikia ndoo, namsaidia kutandika shuka, maneno yanakuja yenyewe.

Nyumba arobaini na mbili. Kila Jumamosi, kinasa sauti mkobani. Kabla ya kukiwasha nilimwomba kila mmoja ruhusa, akasaini fomu ya idhini, nami nikasaini chini yake. Kisha nikaandika kila neno lao, hata pale walipolia. Mmoja aliniambia, "Mgonjwa amelala. Mimi sijui nitalala lini." Daktari aliposoma sentensi hiyo alivua miwani, akaifanya kichwa cha makala. Siku hiyohiyo, pale kwenye benchi la mguu mbovu, akaniahidi.

"Kazi hii ni yako kama ilivyo yangu. Utakuwa mwandishi wa pili."

"Mimi? Sina hata cheti cha chuo."

"Jarida haliulizi cheti, linauliza nani kafanya kazi. Na mama akiliona jina lako limechapwa pembeni ya langu, atasema nini tena?"

Mama yake. Huyo alikuwa ameshanieleza mbele ya macho yangu, kikombe cha chai mkononi, kwamba hakumsomesha mwanawe hadi udaktari aje kuoa mashine ya chapa. Alilisema kwa upole kabisa, huku ananisogezea sukari. Kwa hiyo jina lile kwangu halikuwa fahari ya kitaaluma, ningeipeleka wapi? Lilikuwa ndoa yangu. Bila jina, mama hakubali. Mama asipokubali, mwanawe naye haoi.

Basi nikafanya kazi. Jarida lile lina masharti! Nafasi mbili kati ya mistari, namba ya kila mstari pembeni, muhtasari usizidi maneno mia mbili na hamsini, majedwali yote nyuma, kila moja ukurasa wake. Marejeo yapangwe upya, mwaka uwe kwenye mabano. Andiko lenyewe lisiwe na jina la mwandishi popote, ili wanaolihakiki wasijue ni la nani. Majina yote yakae kwenye ukurasa wa kwanza, faili lake, pamoja na shukrani. Nilikuwa nawasomea wateja masharti hayo kwa sauti.

"Hilo ni jarida au mama mkwe?" Shangazi akauliza, benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho siku ile.

Muhtasari ulikuwa na maneno mia tatu na kumi, nikaupunguza. Jedwali la tatu jumla yake ilisema arobaini na moja, nikatafuta aliyepotea nikampata. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza, ule mfupi, nikauona mwekundu.

Pale kwenye majina, jina la kwanza lake. La pili, lenye mstari mwekundu katikati, limefutwa, langu. Majina yangu matatu, herufi zote sawasawa, hata ile inayowashinda watu. Baada yake limeongezwa jina la binti wa Profesa mkuu wa idara yao. Nikashuka mpaka chini, kwenye shukrani. Imeongezwa sentensi moja: "Tunamshukuru pia mpiga chapa kwa uvumilivu wake."

Nilisogeza mshale juu ya jina langu. Kikajitokeza kisanduku kidogo: jina la Daktari kamili na cheo chake, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Nukta," mteja mmoja akaniita, "nakala zangu?"

Shangazi akaja, akainama juu ya bega langu, akasoma. Yeye husoma polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza akageuka, "Jamani, umeme umekatika."

"Mbona taa inawaka?" mteja akauliza.

"Umekatika kwangu. Rudini saa kumi na moja." Akawatoa wote, akafunga nusu ya mlango, akaja kukaa pembeni yangu. "Lia kama unataka."

"Sitaki."

"Asante ya punda mateke." Akatikisa kichwa. "Makala ya wanawake ambao kazi yao haionwi na mtu. Halafu wewe uliyeifanya, huonekani. Hawa wasomi wana haya kweli? Hebu rudisha jina lako. Si unabonyeza tu? Mfute huyo binti, jirudishe, tuma. Atakuja kujua limeshafika."

Nisikudanganye, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ukikataa badiliko, kompyuta inarudisha mambo yalivyokuwa, kama hakuna aliyegusa. Ningerudi mahali pangu kwa mbofyo mmoja.

"Hapana, Shangazi. Nataka alirudishe yeye, kwa mkono uleule."

"Na asiporudisha?"

"Atarudisha." Nilisema hivyo. Tena niliamini, mjinga mimi. Kutoka saa tano hiyo mpaka karibu saa tisa nilipanga marejeo sitini na nane huku najiambia kuna maelezo, binadamu hakosi maelezo. Nikalisoma andiko zima kinyumenyume, kwa sauti, na kila mwanamke wangu nilimtambua kwa maneno yake.

Alirudi saa tisa kasorobo, anahema. Aliona mlango nusu, aliona benchi tupu, akasita.

"Wateja wako wapi?"

"Umeme," Shangazi akasema, akachukua kitambaa, akaanza kufuta mashine ambayo ilikuwa safi.

Daktari akavuta kiti karibu na changu kama kawaida yake, goti likagusa goti. Nikasogeza langu. "Tumefika wapi?"

"Andiko tayari. Barua kwa mhariri tayari. Umebaki ukurasa wa kwanza na fomu moja." Nilikuwa nasema taratibu, mwenyewe najishangaa. "Mbona sijioni?"

Akashusha pumzi, akavua miwani. "Nilitaka kukuambia polepole. Ni Profesa. Wiki iliyopita alilipitia faili, akalitoa jina lako, akamweka binti yake. Hakuniuliza. Unawajua wakubwa."

"Profesa."

"Ndiyo. Mimi mwenyewe iliniuma."

Ningekuwa sijui, ningemkumbatia. Sauti ilikuwa ileile ya kwenye benchi. Nikageuza kioo cha kompyuta upande wake, nikaweka mshale juu ya jina langu, kisanduku kikajitokeza.

"Soma."

Macho yake yalipita pale, yakarudi, yakapita tena.

"Kwa sauti. Unajua mimi husoma kwa sauti."

"Nukta..."

"Msomee mwenzio, Daktari," Shangazi akasema bila kugeuka. "Shule umekwenda wewe."

Akasoma. Jina lake, cheo chake, siku, saa, dakika. Alipofika kwenye dakika, sauti ilikuwa imekwisha.

"Unaikumbuka Jumapili hiyo?" nikamuuliza. "Saa nne ulikuwa sebuleni kwetu. Baba amevaa koti lake la shughuli, siku hiyo joto kali, hakulivua. Ukamwambia, 'Mzee, nimekuja kujitambulisha, nina nia njema na binti yako.' Baba akalia. Hukumwona, alikwenda kulilia uani. Mimi nilimwona. Saa mbili umenifuta, saa nne umekuja kuniomba. Katikati ulifanya nini, ulikunywa chai?"

"Usiongee hivyo."

"Niongeeje? Nifundishe, wewe mwalimu."

Akashika kichwa. "Mama alikuja kwangu asubuhi ile. Akakaa juu ya kitanda changu akasema hanyanyuki mpaka aone jina lako limetoka. Alijuaje sijui. Profesa ndiye mwenyekiti wa kikao cha vyeo, Nukta. Nikasema wacha nilitoe sasa, mama aende nyumbani, baadaye nitalirudisha. Naapa nilikuwa na nia ya kulirudisha."

"Baadaye ni leo." Nikamsukumia kibodi. "Saa tisa na dakika kumi. Rudisha."

Aliweka mikono juu ya herufi. Vidole vyake virefu, ninavijua kimoja kimoja, cha kati kina alama ya kalamu. Nilivitazama kwa roho yote. Shangazi aliacha kufuta. Nje, kinyozi alikuwa anamcheka mtu. Nikaomba Mungu, sikuomba anipende, niliomba abonyeze tu.

Akaiondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Ni karatasi tu, Nukta! Nani anasoma hizo karatasi? Watu watano duniani. Mimi na wewe ni kitu kingine. Nikipanda cheo nitakuwa na sauti, nitamwambia mama..."

"Na huyo binti? Mnaoana?"

"Mama ameshakwenda kwao kuzungumza."

"Mama amekwenda. Na wewe ulikuwa wapi?"

Akaanza kuifuta miwani kwa ncha ya shati.

"Nimekuuliza."

"Nilimpeleka kwa gari," akasema.

Lo! Shangazi aliguna kwa kitu kati ya kicheko na kilio. Mimi nilihisi kitu kinakaa chini ndani ya kifua changu, kizito, na nikajua hakitanyanyuka leo wala kesho. Nikauvuta ukurasa ule, nikakubali mabadiliko. Jina langu likatoweka kabisa, mstari mwekundu na yote. Jina la binti wa Profesa likawa jeusi kama mengine.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Kazi yangu. Umenipa kazi, namaliza. Imebaki fomu ya mchango wa waandishi, jarida halipokei bila hiyo. Mimi nauliza, wewe unajibu, naandika." Nikaweka macho kwenye kioo. "Nani alibuni utafiti?"

"Hebu tuache kwanza, tuongee."

"Dakika thelathini na tano. Nani alibuni utafiti?"

"Mimi."

Nikaandika. "Nani aliandika rasimu ya kwanza?"

"Mimi."

"Nani alichambua maelezo?"

"Andika mimi." Alikuwa ameinamisha uso.

"Nani aliwahoji washiriki na kukusanya maelezo yao?"

Katika nyumba ya kumi na saba nilikuta mwanamke amesinzia amesimama, kijiko mkononi, nikakichukua nikamlisha mgonjwa wake mpaka alipozinduka. Katika nyumba ya thelathini nilinyeshewa, nikaugua wiki mbili, na huyu huyu akaniletea dawa. Alikuwa anayajua hayo yote. Nilimwona anayakumbuka.

"Jarida linauliza," nikasema. "Halikubali pawe wazi."

"Nukta, nisamehe."

"Hilo haliwezi kuandikwa hapa. Nataka jina."

Akalitaja. Jina la kwanza la binti wa Profesa, halafu la baba yake. Alilitaja kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Nami nikaliandika, herufi moja moja, na sikukosea hata moja. Hapo ndipo penzi langu lilipokufa, kama unataka kujua mahali. Si pale aliponifuta, pale hata mama yake alikuwepo. Hapa tulikuwa sisi wawili.

"Zile fomu za idhini za wale wanawake ziko kwenye sanduku chini ya meza," nikamwambia. "Na sauti zao zote. Chukua ukiondoka. Kila fomu ina sahihi yangu, na kwenye kila sauti anayeuliza ni mimi."

Rangi ilimtoka. "Utanichongea?"

"Sikuchongei. Sina muda huo. Ila nikiulizwa, sitasema uongo. Kusema uongo nimewaachia wenye shahada."

"Hapo umempata," Shangazi akanong'ona.

Nikashuka mpaka kwenye orodha ya ukaguzi, maswali ya ndiyo au hapana yanayokuja mwisho kabisa. Majedwali yamewekwa nyuma? Ndiyo. Mistari ina namba? Ndiyo. Andiko halina jina la mwandishi popote? Nilikaa kidogo hapo, nikaweka ndiyo. Kisha swali la mwisho, nikamsomea.

"'Je, watu wote waliotajwa kwenye shukrani wametoa idhini ya kutajwa?'"

"Weka ndiyo."

"Siweki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyetajwa ni mpiga chapa, kwa uvumilivu wake. Mpiga chapa ni mimi, na sijatoa idhini."

Alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza siku nzima, macho yamejaa maji. "Basi hata hilo? Niachie hata hilo. Ni njia pekee niliyobaki nayo ya kusema asante."

"Arobaini na mbili niliwaomba ruhusa kabla sijagusa maneno yao. Wewe mimi umeniomba lini?" Nikamgeukia. "Kunifuta ulinifuta bila kuniuliza. Kunishukuru, utaniuliza. Na jibu ni hapana. Usinishukuru, Daktari. Usithubutu kunishukuru."

Nikaipaka ile sentensi rangi, kutoka "Tunamshukuru" mpaka "uvumilivu wake", nikaifuta. Alama nyekundu ikatokea, na safari hii aliyefuta alikuwa mimi. Nikaikubali. Nikaweka ndiyo.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Nikasogeza kiti nyuma. "Tuma."

"Tuma wewe. Kila siku unatuma wewe."

"Kila siku nilikuwa nani?"

Akainama, akabonyeza mwenyewe, mara moja. Duara likazunguka, likazunguka, likasimama. Pakatokea maneno ya kijani kwamba makala imepokelewa. Miaka mitatu na Jumamosi zote zile zilipita ndani ya duara lile.

Alisimama. Akachukua sanduku, akaliweka kwapani, akafika mlangoni, akageuka. Miwani alikuwa nayo mkononi. "Kesho nitakuja," akasema. "Tutaongea vizuri, hasira zikitulia."

"Kesho tumefunga," Shangazi akamjibu.

"Kesho ni Alhamisi, Shangazi."

"Kwako tumefunga mpaka na Alhamisi ijayo. Nenda, baba. Mama anasubiri gari."

Kabla hajatoka, simu yake ililia mfukoni. Akaitoa, akaitazama, akaificha haraka, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Jarida hupeleka barua pepe ya kuthibitisha mapokezi kwa waandishi wote, papo hapo, kila mmoja kwenye simu yake. Nimewatumia watu makala kutosha, najua inavyokuwa: inalia simu ya mwandishi wa kwanza, na kama wapo pamoja, sekunde hiyohiyo inalia ya wa pili.

Simu yangu ilikuwa mezani, kando ya kibodi. Nilijua hailii. Nilikuwa nimeandika anwani zote kwa mkono wangu, na yangu haikuwamo. Hata hivyo niliitazama mpaka hatua zake zilipokwisha mtaani, mpaka Shangazi alipokuja akaichukua taratibu, akaifunika kifudifudi, akafungua nusu ya pili ya mlango na kuwaita wateja waliokuwa kwa kinyozi waje, umeme umerudi.